Adui Mwenye Koti la Kijani

Nilikuwa jikoni nachambua dagaa, nang'oa vichwa natupa kwenye beseni, niliposikia honi ya meli ikilia kwenye televisheni ya sebuleni. Ililia mara moja, ndefu. Halafu ndege wa majini wakapiga kelele, halafu kinanda kikaanza polepole. Mkono wangu ukasimama. Kitu ukikichukia muda mrefu, mwili unakitambua kabla ya akili. Harufu ya petroli ya jenereta ikanijaa puani, na hapa kwangu Kiseke, Mwanza, hakuna jenereta. Nikasema moyoni, hii ni ile. Nikaenda na mikono yangu ya dagaa, nikasimama mlangoni. Mama yangu alikuwa kwenye kochi, miguu ameiweka juu ya kigoda, anatazama. Kwenye kioo boti lilikuwa linakaribia kisiwa chenye ukungu, na mbele ya boti amesimama mwanamke wa Kizungu, amevaa koti refu la mvua lenye kofia.

Koti lilikuwa la njano. Hilo ndilo lililonichanganya. Ninayemjua mimi alikuwa na koti la kijani.

Mtanivumilia. Shule niliishia darasa la nne, na sababu ya kuishia huko ni tamthilia hiyohiyo, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Kisiwa sikitaji, maana wanaoishi pale leo wengi hawakuwa wamezaliwa, hawana kosa. Watu nitawataja. Bwire, mwenye mitumbwi na mwenye banda la video. Deo, aliyekuwa akitutafsiria picha. Sospeter, mwenyekiti wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga. Nimewataja mapema ili nisionekane nazunguka.

Wa rika langu mnalikumbuka banda la video. La kwetu lilikuwa la mabati chakavu na magunia, na mabenchi yake yalikuwa mbao za mtumbwi uliokufa, bado zina lami, ukikaa na gauni safi unainuka na mstari mweusi matakoni. Picha zilionyeshwa mchana, kwa sababu usiku wanaume wote walikuwa ziwani na karabai zao wanavua dagaa. Asubuhi wanalala, mchana wanaamka, hawana pa kwenda, wanaingia kwa Bwire. Jenereta linanguruma nyuma, moshi wake unapita kwenye matundu ya bati, na mbele kabisa, juu ya kreti la soda, televisheni.

Televisheni yenyewe ilikuwa mgonjwa. Sijui iliungua nini, ila kila kitu ndani yake kilikuwa kijani. Farasi kijani, anga kijani, damu ya kijani iliyokwenda kwenye weusi. Mimi mpaka nilipofika Magu nikamwona padri Mzungu kwa macho yangu, niliamini Wazungu ni watu wa kijani, na yule padri nikamwonea huruma, nikadhani amepauka kwa ugonjwa. Watu wazima walijua ni ubovu wa kioo. Walikuwa wanamtania Bwire, wanamuuliza lini atainywesha televisheni yake dawa ya nyongo. Walijua wote. Naomba mlikumbuke hilo, maana wao walilisahau siku ilipotakiwa walikumbuke.

Deo alitokea Mirongo, mjini Mwanza, na ilisemekana alifika kidato cha pili, jambo ambalo kisiwani lilikuwa kama uaskofu. Alikaa pembeni ya kioo na kipaza sauti, Wazungu wakisema neno moja yeye anasema kumi. Tulimpenda. Picha ikianza tu watu wanauliza maswali yaleyale mawili: steringi ni nani, na adui ni nani. Ukishajua hayo umejua picha. Steringi unamshangilia, adui unamzomea, na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba steringi hafi. Mtoto wa kisiwani hajui amri kumi, lakini hiyo anaijua.

Mama yangu hakuwahi kuingia mle. Alikuwa mjane, mimi wa kwanza, na mdogo wangu Masanja bado wa mgongoni. Kazi yake ilikuwa kununua dagaa wabichi asubuhi mtumbwi ukitia nanga, kuwaanika mchangani, kuwageuza, kuwafunga kwenye magunia. Mchana alipika ugali, na wavuvi wasio na wake walikula kwetu. Alikuwa na koti la mvua la mtumba alilonunua mnadani Magu, la kijani, refu, lenye kofia. Asubuhi ziwani kuna baridi ya kuuma mifupa, anatoka nalo amemfunika na Masanja humohumo, vichwa viwili kwenye kofia moja. Nikiwaona kwa mbali kwenye ukungu nilikuwa nacheka peke yangu.

Miongoni mwa waliokula kwetu alikuwapo Majura, Mkerewe mmoja mpole, mlinzi wa mashine za Bwire, zile zinazofungwa nyuma ya mtumbwi. Siku hizo Bwire alikuwa analia kuwa mashine mpya, aliyonunua kwa ubia na kaka yake wa Musoma, imeibiwa. Alilia kweli, alikaa chini mchangani mbele ya watu akashika kichwa. Majura alipokuja kula, nilimsikia anamwambia mama kwa sauti ya chini.

"Mashine haikuibiwa, Mama Kabula. Mashine imesafiri."

Mama akamwambia anyamaze ale.

Mimi nilikaa na neno hilo kama pipi mdomoni. Mashine imesafiri. Niliiona inatembea kwa miguu yake mifupi juu ya maji, ina kamkoba, inakwenda kusalimia ndugu. Nilijua kusafiri ni kwa heri. Sikujua watu wazima wanaweza kulitumia neno zuri kumaanisha wizi.

Haikupita muda Majura akaonekana kwenye matete, amekufa, mguu una kamba, na kamba ina jiwe. Sospeter akatangaza kuwa marehemu alikuwa amelewa akajinasa na kamba ya nanga. Watu wakazika. Lakini pale makaburini nilisikia mzee mmoja anasema mlevi hafungi fundo la namna ile, na nikaona watu hawamtazami yule mzee, wanamtazama Bwire. Hawasemi. Wanamtazama tu, kisha wanatazama chini. Siku kadhaa kisiwa kilikuwa hivyo. Ukipita penye watu, maneno yanakatika.

Ndipo Bwire alipokwenda Mwanza na kurudi na kanda mpya. Na Bwire huyu, ambaye mtoto akichungulia kwenye tundu la bati anamwagiwa maji machafu, akatangaza kuwa picha hii kuingia ni bure. Mpaka leo mtu akinipa kitu bure nakigeuza kwanza chini nione kuna nini.

Tulijaa. Watoto chini mbele, wanaume kwenye mabenchi, wengine wamesimama. Honi ya meli, ndege, kinanda. Kisiwa cha Wazungu kina mwalo kama wetu, nyavu kama zetu, ukungu kama wetu. Mtu amekutwa ufukweni amekufa, na mguuni ana kamba. Banda zima likanyamaza, nikasikia jenereta tu. Kisha likaja boti na mwanamke mwenye koti.

Mtu mmoja akauliza kwa nyuma steringi yuko wapi. Deo akasema tulieni, steringi ni huyu bwana mwenye maboti, amefiwa na mlinzi wake, ana uchungu.

"Na adui?"

"Adui ni huyo hapo. Mwenye koti."

"Mwanamke?"

"Kwani mwanamke haui?"

Wakacheka. Kicheko hakijaisha, sauti nyingine ikasema kutoka gizani kule mlangoni, "Koti lenyewe kama la Mama Kabula." Wakacheka tena, ila kicheko cha pili hakikufanana na cha kwanza. Nimeitafuta ile sauti maisha yangu yote. Nikiwa sokoni mtu akisema neno nyuma yangu nageuka. Nadhani ilikuwa ya Sospeter. Sina uhakika, na kutokuwa na uhakika ni ugonjwa mbaya kuliko kujua.

Tuliangalia kanda baada ya kanda, kila mchana. Yule mwanamke anainama juu ya maiti, Deo anasema amerudi kuhakikisha kama amekufa kweli. Anavaa glovu, Deo anasema asiache alama. Anaingia nyumba ya mtu, mwenyewe hayupo, anafungua droo, anachukua kamba anaitia kwenye mfuko. Deo anasema mnamwona, mnamwona anavyoficha. Na sisi tunaona. Kila alichofanya kilifanana na alichosema Deo. Kanda ya mwisho hatukuiona. Bwire alisema deki imeila.

Mimi nilirudi nyumbani nikaanza kumchunguza mama. Nilitazama mikono yake anavyofunga magunia, kidole gumba kinavyokaza fundo. Alipokwenda kuchota maji niliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, nikakuta kamba. Bila shaka nilikuta kamba, mfuko wa mwanika dagaa una nini kingine? Lakini mwili ulinisisimka kama niliyeshika nyoka. Chakula alichopika nilisubiri ale yeye kwanza. Akaniuliza ninamtazama nini.

"Mayu, wewe ni adui?"

Mayu ndivyo tunavyowaita mama zetu Usukumani. Akacheka, akadhani ni mchezo wetu wa watoto. Akasema ndiyo, mimi adui, kimbia nikushike. Akanyoosha mikono. Nami nikakimbia kweli, mpaka kwenye miamba, nikakaa huko mpaka njaa iliponirudisha.

Baadaye wavuvi waliacha kumuuzia. Mtumbwi ukitia nanga anaambiwa dagaa wameshachukuliwa, na yeye anawaona wamejaa. Waliokuwa wakila kwetu wakaanza kula kwingine. Mama hakuelewa. Alidhani amemkosea mtu, akapita nyumba kwa nyumba kuuliza, na kila mlango aliopiga hodi walimtazama koti.

Kisha Sospeter akaitisha mkutano ufukweni, jua la utosi. Akamuuliza mama kama marehemu alikula kwake siku ya mwisho. Mama akasema alikula kwangu siku zote. Akamuuliza kamba zake ni za nini. Mama akasema za magunia, kila mtu hapa anazo. Akamuuliza na hilo koti je, maana alikuwa bado amelivaa tangu alfajiri.

"Hili? La baridi."

Watu wakaguna. Mama akageuka kutazama uso mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingia katikati ya mazungumzo. Alikuwa anahukumiwa kwa picha ambayo hakuiona. Nadhani ndipo alipoona hana cha kupoteza, akasema kwa sauti.

"Majura aliniambia mashine haikuibiwa, imesafiri. Muulizeni Bwire imesafiri kwenda wapi."

Nikawaona wale wa makaburini wanainua vichwa. Ilikuwa bado kidogo. Naapa ilikuwa bado kidogo tu, na Bwire aliliona hilo. Alisimama, akatabasamu.

"Mmeona wenyewe. Adui akibanwa anamsingizia steringi."

Basi. Watu walipumua kama waliotuliwa mzigo. Lile neno walilijua, walilielewa, liliwafaa. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, haikuchukua muda kuungua. Dagaa walioanikwa wakakanyagwa. Sospeter akamvua mama koti mwilini kwa mikono yake, akasema ni kizibiti, litabaki kwa mwenyekiti. Tukapakiwa kwenye mtumbwi kupelekwa polisi Mwanza.

Mvua ilitukuta katikati ya ziwa. Mama alimkumbatia Masanja kifuani, akamfunika kwa kitenge kilicholowa, akamfunika kwa mgongo wake mwenyewe, akanivuta na mimi. Koti lile lingetutosha wote. Nililiwaza hata nikiwa mtoto, kwamba lile koti sasa limetundikwa kwenye msumari, pakavu, halimfuniki mtu.

Kituoni askari wa zamu aliuliza ushahidi. Aliyetuleta akasema ameonekana kwenye video. Askari akacheka mpaka akavua kofia akajifuta jasho. Akamwambia mama nenda nyumbani mama. Mama akamuuliza nyumbani wapi. Tukaenda Magu kwa mjomba. Masanja alikuwa tayari anakoroma kifua, na kabla pamba haijavunwa tukamzika. Hakuna mtu kwenye sheria aliyemuua Masanja. Mimi ninao watatu.

Na neno lilitufuata. Wanaotoka visiwani wanapita Magu kuuza samaki, na mdomo hauhitaji nauli. Shuleni wakaniita mtoto wa adui. Nilipigana nao nikachoka, nikaacha shule, nikaenda kulima mpunga wa watu.

Sasa ndiyo hiyo picha, imerudi, imenikuta sebuleni kwangu. Siku hizi wanaingiza sauti za Kiswahili, watu wetu wanawasemea Wazungu, kila sentensi mahali pake. Yule mwanamke akashuka botini, akampa mkono bwana mwenye maboti, akasema, "Mimi ni mpelelezi. Nimetumwa kuchunguza kifo cha mlinzi wako."

Nilikaa chini sakafuni. Glovu, kamba, droo, maiti, vyote vikajipanga upya kichwani mwangu. Alikuwa askari tangu mwanzo. Alikuwa ndiye steringi. Bandani hakuna aliyeweza kulifikiria hilo, kwa sababu kwetu mwanamke hakuwahi kuwa steringi, alikuwa wa kuokolewa au wa kuuawa.

Sikumwambia mama kitu. Kesho yake nilikwenda Mirongo kumtafuta Deo. Nilikuwa najua alipo, miaka mingi najua, nilikuwa nakwepa tu mtaa ule. Ana meza ya kuuza rimoti na nyaya za televisheni. Amezeeka, meno yamepungua. Shikamoo sikumpa. Nilishika rimoti moja nikamuuliza kama ndiye aliyekuwa akitafsiri picha kisiwani. Akafurahi, akasema watu bado wananikumbuka.

"Kiingereza ulikuwa unakijua, Deo?"

"Dada yangu, nani alikijua? Mimi nilikuwa nafuata midomo inavyokwenda."

"Na yule wa koti, nani alikuambia ni adui?"

Akaacha kucheka. Akanitazama vizuri, nadhani akamwona mama usoni mwangu. Akasema Bwire aliiangalia picha yote kwanza, peke yake, na mjini kuna mtu alikuwa amemweleza hadithi ilivyo, ndiyo maana akaichagua. Akamwambia Deo, mwenye maboti mfanye steringi, la sivyo watu watanifikiria vibaya.

"Na mwanamke alisema umfanye adui?"

"Hapana. Huyo nilimchagua mwenyewe. Picha bila adui watu hawakai."

Nikamuuliza kama alilikumbuka koti la mama yangu. Akasema hapana, hakulikumbuka kabisa, ilitokea tu. Deo huyu alikula ugali kwetu mara ngapi, mama akiwa na koti lile. Simwamini. Nilirudisha rimoti mezani, nikaondoka, naye akaniita akitaka nijue kuwa alikuwa kijana. Majura pia alikuwa kijana.

Jumapili ya mwisho wa tamthilia nilikaa na mama kwenye kochi, na kabla haijaanza nikamweleza yote. Banda, kipaza sauti, steringi na adui, sauti ya mlangoni, Deo na rimoti zake. Miaka yote hiyo tulikuwa hatujawahi kulisema kwa urefu. Alinisikiliza huku anakunja upindo wa kanga. Picha ikaenda mpaka mwisho, ile kanda iliyoliwa na deki. Mwanamke wa koti akaingia kwenye banda la maboti, akamfunga pingu yule bwana mwenyewe, kwa sababu alimuua mlinzi aliyemwona akiuza mali ya ubia. Niliposikia hayo kwa Kiswahili kilichonyooka, nikamgeukia mama.

Mama akanyoosha kidole.

"Ndiye huyu waliyesema ni mimi?"

"Ndiye, mayu."

"Mbona koti lake la njano?"

Nikamweleza televisheni ya Bwire ilivyokuwa, kila kitu kijani. Akatikisa kichwa taratibu. Honi ya meli ikalia tena ya kumalizia, boti likaondoka kisiwani na yule mwanamke amesimama nyuma, kofia ameishusha, nywele zinapeperuka. Mama akamwangalia mpaka akapotea.

"Kumbe nilikuwa askari," akasema.

Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nikampa maji, akanywa, akajifuta midomo. Akauliza kama Bwire yu hai. Nikamwambia yu hai, ana nyumba ya wageni mjini, Jumapili anakaa benchi la wazee kanisani.

"Basi mpelekee habari," mama akasema. "Mwambie askari mwenye koti anamtafuta."

Bwire, habari yako ndiyo hii.